Somo: Safari ya pikipiki ya mke na mume milimani, Bombo hadi Kisoro na kurudi

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote. Mimi ndiye ninayekaa nyuma. Anayeendesha ni mume wangu, na haya yote tumeyazungumza pamoja kabla sijaanza kuandika. Nimeandika mimi kwa sababu masomo ya pikipiki karibu yote huandikwa na madereva, na dereva hajui mwenzake amepata nini huko nyuma mpaka wakishuka.

Mwezi wa saba tulitoka Bombo, hapa Uganda, tukazunguka magharibi yote: Fort Portal, Bundibugyo, Kasese, Ishaka, Kabale, Kisoro, kisha tukarudi kwa njia ya Mbarara. Siku tisa, kilomita kama 1,400, kwa Bajaj Boxer ya cc 150. Pikipiki hiyo hatukuichagua kwa uzuri. Ndiyo inayobeba boda boda wa nchi hii, kwa hiyo kila senta, yaani mji mdogo wa biashara, ina fundi anayeijua na duka lenye kebo yake, tyubu yake na breki shuu zake. Ukiwa na pikipiki kubwa ya kigeni ikakuharibikia juu ya Kisoro, utasubiri kipuri kutoka Kampala.

Hatua ya 1: Pima siku kwa mwili wa anayekaa nyuma

Hili ndilo la kwanza na ndilo kubwa kuliko yote. Dereva anashika mikono ya pikipiki, anaiona njia, na shimo analiona kabla hajafika. Abiria anaona mgongo na helmeti. Shimo analijua likishafika kiunoni. Ndiyo maana dereva akisema "bado nina nguvu", hilo si jibu la swali lililoulizwa.

Safari yetu ya kwanza, miaka iliyopita, tulitaka kumaliza Kampala hadi Kabale kwa siku moja, kilomita 400 na ushei. Tulipofika Mbarara nilishuka kununua maji, mguu wa kulia ukakataa kunibeba. Nilianguka pale pale pembeni ya pampu ya mafuta. Sikuwa nimeumia, damu tu ilikuwa haishuki vizuri, lakini mume wangu alitetemeka kuliko mimi.

Tangu siku hiyo tuna sheria. Kilomita 200 kwa siku zinatosha, na kila baada ya saa moja tunasimama dakika kumi, hata kama hakuna anayeomba. Usingoje maumivu. Maumivu ya kiuno yakishaingia, kupumzika dakika kumi hakuyatoi. Siku moja tu tuliivunja sheria, ile ya kwanza, kwa kuwa Kampala hadi Fort Portal ni kama kilomita 300, lami nzuri kupitia Mityana na Mubende. Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, tukafika saa kumi jioni, na kesho yake hatukupanda pikipiki kabisa.

Msimu nao uangalie. Mvua kubwa huanza mwezi wa tatu hadi wa tano, halafu wa tisa hadi wa kumi na moja. Nenda kati ya wa sita na wa nane, au Disemba hadi Februari. Milimani mvua haifuati kalenda, kwa hiyo koti la mvua lisikosekane hata Januari.

Hatua ya 2: Fundi aione pikipiki mkiwa mmeikalia wote wawili

Fundi wetu wa Bombo alinifundisha jambo. Alikuwa ameshakaza cheni, ikawa nzuri kwa macho. Kisha akaniambia, "Mama, panda na mzee wako, mkae kama mnavyosafiri." Tukapanda. Akachutama, akaingiza kidole chini ya cheni, akasukuma juu, ikakataa. Ilikuwa imekaza kama waya wa nguo. Uzito wetu ulishusha shokapu, mkono wa gurudumu la nyuma ukanyooka, na ule ulegevu wote ukaisha. Tungeondoka hivyo, cheni ingekula sproketi na beringi njia nzima, au ingekatika mlimani. Akailegeza mpaka ikacheza kidogo tukiwa juu yake.

Shokapu za nyuma nazo zikazwe hatua moja au mbili. Upepo wa gurudumu la nyuma uongezwe kufuata kipimo cha watu wawili kilichoandikwa kwenye kitabu cha maelezo ya pikipiki au kwenye kibandiko chake. Breki shuu kama zimefika nusu, badilisha. Bebeni tyubu mbili, pampu ya mkono, kiungo cha cheni, kebo ya klachi, plagi na spana zenu.

Hatua ya 3: Mzigo

Begi moja kwa wawili. Nguo tatu tatu, basi. Vitu vizito viwekwe chini na karibu na mwili wa abiria, visikae nyuma kabisa ya kerea, maana huko vinainua gurudumu la mbele kwenye mpando. Funga kwa mipira ya tyubu iliyokatwa, ile wanayofungia boda boda matoke. Haitelezi kama kamba. Ncha zote zifundikwe na kuingizwa ndani, kwa sababu ncha inayoning'inia huishia kwenye spoki. Nguo zote ziingie kwenye mfuko wa nailoni kwanza, ndipo begi.

Hatua ya 4: Dada zangu, msikae upande

Nasema hili kwa mapenzi. Mjini tumezoea kukaa upande na gomesi au dera letu, miguu yote kushoto. Milimani usifanye hivyo. Kwenye kona uzito wako wote uko upande mmoja, huna cha kukanyagia kwa nguvu, na dereva akifunga breki unateleza. Vaa suruali nene ndani, juu yake nguo fupi inayofika magotini, ukae miguu huku na huku. Heshima haipungui. Mtandio uingize ndani ya koti, kwa sababu mtandio ukinaswa na cheni unavuta shingo. Viatu vya kufunga vinavyopita kifundo. Bomba la moshi la Boxer liko kulia, na alama ya kuungua kwenye shavu la mguu haifutiki. Pandia na kushukia kushoto.

Kwenye kona angalia juu ya bega la dereva lililo upande wa kona. Mwili utafuata wenyewe, wala huhitaji kujilaza wala kujizuia. Abiria anayejinyoosha wima pikipiki ikilala anamfanya dereva apigane na watu wawili.

Na mkubaliane lugha ya mikono, kwa sababu upepo hula maneno. Yetu: gonga moja begani, punguza mwendo. Gonga mbili, simama ukipata nafasi. Kushika koti kwa nguvu, simama sasa hivi. Anayeendesha halazimiki kukubali sababu. Anasimama kwanza, mazungumzo baadaye.

Hatua ya 5: Kupanda, na zaidi kushuka

Kupanda ni kazi ya injini. Kadiri unavyopanda hewa inapungua, na injini ya kabureta inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita 1,000. Kabale iko karibu mita 2,000. Usishangae pikipiki ikiwa nzito. Shusha gia mapema, usiilazimishe.

Kushuka ndiko kunakoua. Barabara ya Fort Portal hadi Bundibugyo imewekwa lami, inazunguka ncha ya kaskazini ya Rwenzori, na kona zake zinashuka moja baada ya nyingine huku chini unauona msitu wa Semliki na ng'ambo milima ya Kongo. Uzuri ule ulimfanya mume wangu ashuke taratibu na gia ya nne, mguu umelalia breki ya nyuma muda wote ili tuangalie. Nikasikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Nikagonga mbili. Akasema baadaye kwamba alipokanyaga ili asimame, kikanyagio kilishuka mpaka chini na pikipiki ikapunguza kidogo tu. Ilitusimamisha breki ya mbele na gia, akishusha moja moja.

Tulikaa kivulini nusu saa. Breki shuu zikipata moto sana hazishiki tena, na dawa yake ni kungoja tu. Usizimwagie maji, chuma cha moto kinaweza kupasuka. Tulipoendelea alishuka na gia ya pili, injini ndiyo inashika, breki anaigusa kwa kifupi kabla ya kona na kuiachia. Kanuni tuliyoitoa pale: shuka mlima kwa gia ile ile ambayo ungeupandia.

Chini kule Sempaya kuna chemchemi za maji moto mbili, moja wanaiita ya kiume na nyingine ya kike, na maji yake yanachemsha yai. Tulikula mayai yetu pale. Nendeni mkiwa wawili.

Kona usizoona mbele yake, kaa kushoto kwako kabisa na upige honi. Malori hupanda yakichukua barabara nzima. Kati ya Kabale na Kisoro, pale Kanaba, asubuhi kuna ukungu unaolowesha visigino. Tuliingia saa mbili asubuhi tukashindwa kuona hata mita ishirini mbele. Mikono yangu ilikuwa ndani ya mifuko ya koti lake, nikahisi mabega yake yamekuwa magumu kama mbao. Nikagonga mbili. Tukanywa chai kwa mama mmoja mpaka saa nne, ukungu ukafunguka, na hapo ndipo tulipouona Muhavura, mita 4,127, peke yake juu ya mawingu. Jina lake, wenyeji walituambia, maana yake ni yule anayeonyesha njia.

Hatua ya 6: Tambarare ya Kasese

Baada ya baridi ya Fort Portal joto la Kasese linashtua. Kunyweni maji. Mbele, barabara inakatisha hifadhi ya Queen Elizabeth na kupita mstari wa Ikweta, kisha daraja la Katunguru. Ipiteni mchana, saa nne hadi saa tisa. Ndovu wakiwa karibu na lami simama mbali, usizime injini, ngoja gari kubwa lipite nanyi mfuate nyuma yake. Nyani msiwape chakula, watawafuata kwenye begi.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Arua:* Shikamoo mama. Nina Boxer ya cc 100, mke wangu ana kilo kama 80. Tutafika?

Marahaba mwanangu. Mtafika, lakini Kanaba mtapanda na gia ya kwanza sehemu ndefu. Muulize fundi akufungie sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Mwendo wa juu utapungua, nguvu ya kupanda itaongezeka. Na begi liwe dogo kuliko letu.

*Kutoka Mombasa:* Dada, twaweza kuja na pikipiki yetu kutoka Kenya?

Karibuni sana, kaka. Njooni na kitabu cha umiliki wa pikipiki chenye jina lako, leseni, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, mpite Malaba au Busia. Huku tunaendesha kushoto kama kwenu. Lakini mkifika Kisoro msivuke kuingia Rwanda bila kujiandaa, kule wanaendesha kulia, na ni jioni ukiwa umechoka ndipo mkono unasahau.

*Kutoka Jinja:* Lugha je? Sisi Kiganda hatukijui vizuri.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, ila njia ya Mubende watakujibu kwa Kiganda. Kasese na Kisoro tulipumua, biashara ya mpakani na Kongo imewazoesha wengi Kiswahili. Jifunzeni kusalimia kwa lugha ya kila mahali kabla ya kuuliza bei au njia. Sisi tulipewa chakula bure Kabale kwa salamu tu.

*Kutoka Mbale:* Mbona mmeutupa mlima wetu wa Elgon?

Hatujautupa. Kwa anayeanza ndio ningemshauri kwanza, kwa sababu ni mfupi: Mbale, maporomoko ya Sipi, Kapchorwa, lami yote, siku tatu zinatosha. Ila mvua ikiwa nyingi miteremko ya upande wa Bududa huporomoka, na mnakumbuka msiba wa Machi 2010. Msilale huko msimu wa mvua.

*Kutoka Masaka:* Mke wangu ana mimba ya miezi minne na anataka sana twende. Nimwambie nini?

Mdogo wangu, mpeleke kwa basi. Si mitikisiko peke yake, hofu yangu ni kuanguka, hata kuanguka kwa mwendo mdogo kwenye tope. Pandeni basi hadi Kabale, mshuke Bunyonyi mkae siku nne kando ya ziwa, pikipiki ibaki nyumbani. Mtoto akizaliwa na mama akipata nguvu, niandikieni tena, nitawapa majina ya senta zote tulizosimama.

*Kutoka Gulu:* Mafuta mlitumia kiasi gani?

Lita 38 safari nzima. Tulijaza kila tulipofika nusu, maana kati ya Kabale na Kisoro pampu ni chache.

*Kutoka Bombo:* Jirani, nani aliendesha siku ya kurudi? Nilimwona mzee amekaa nyuma pale njia panda.

Ni kweli uliona. Tulikuja kwa njia ya Kampala, alinipa niendeshe pale Kawempe msongamano ulipoisha. Nina leseni tangu mwaka jana. Alikaa nyuma nusu saa tu, na tulipofika nyumbani alitembea akishika kiuno, akaniomba radhi ya kilomita zote za miaka ile.