Mama Amepasuliwa Mgongo, Wewe Uko Ng'ambo: Nani Ashike Dawa za Maumivu?

Wiki ya upasuaji simu hazikauki. Kila mtu anauliza mama kaamkaje, nani analala naye, bili imebaki kiasi gani. Akisharuhusiwa kwenda nyumbani watu hutulia, na hapo ndipo kazi ya dawa inapoanza. Wodini kulikuwa na muuguzi na faili. Nyumbani kuna mfuko wa dawa juu ya meza, kando ya chupa ya chai, na kila mgeni anayeingia kumwona mgonjwa ana ushauri wake.

Nitamzungumzia zaidi mzazi aliyepasuliwa Kisumu kisha akarudi kijijini, tuseme Vihiga au Kakamega. Aliye Nakuru mjini ana maduka ya dawa karibu, lakini mengi ya haya yanamhusu pia. Na neno la daktari aliyempasua linatangulia lolote nitakalosema hapa.

Kwa maoni yangu, wewe uliye mbali hukuwekwa huko kutuma vidonge. Kazi yako ni kuhakikisha nyumbani pana daftari moja na mtu mmoja wa kulishika. Si lazima awe kifungua mimba. Awe analala nyumba hiyo hiyo, anasoma maandishi madogo bila taabu, na anaweza kumwambia mama "bado saa haijafika" bila kutetemeka. Mara nyingi mzigo huu hutupiwa mkaza mwana kwa sababu tu yupo. Kama hawezi kumkatalia mama mkwe, mnamwonea bure, tafuteni mwingine.

Bahasha za kaki

Kabla gari halijaondoka hospitalini, omba picha ya kila dawa: bahasha yenyewe, pakiti ya vidonge ikionyesha jina na miligramu, na ile karatasi ya kuruhusiwa. Unajua zile bahasha ndogo za kaki. Juu pameandikwa "PCM 2x3" kwa kalamu ya haraka, na ndani mna vidonge vyeupe vinavyofanana na vya bahasha ya pili. PCM ni parasetamoli. 2x3 ni viwili mara tatu kwa siku. Mfamasia anajua, muuguzi anajua, lakini mama anajua tu kwamba ni "zile nyeupe". Mwombeni mfamasia aandike jina zima, kazi ya dawa, saa za kumeza na siku ya kuacha. Ni kazi ya dakika tano, na hakatai akiombwa kwa adabu.

Hiyo "mara tatu" nayo ina mtego. Kijijini mara tatu ni chai, chakula cha mchana na chakula cha usiku. Mama akimeza saa mbili usiku, kisha asubiri chai ya saa mbili asubuhi, amekaa saa kumi na mbili bila dawa. Ndiyo maana utapigiwa simu alfajiri kwamba mgongo umekataa kabisa, na mtu atapendekeza dawa kali zaidi wakati kilichokosekana ni saa. Ikiwa daktari ameagiza parasetamoli kila baada ya saa sita, saa yetu inakubali vizuri: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Ile ya saa sita usiku iwekwe kitandani na maji yake, na kengele ya simu iwe kwa mwenye daftari.

Daftari halihitaji ufundi. Saa, jina la dawa, idadi, maumivu kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, na kama amekwenda choo. Picha ya ukurasa itumwe kila jioni. Kwenye kundi la WhatsApp la familia? Mimi ningekataa. Watu ishirini wakiona ukurasa mmoja, kesho yake mna madaktari ishirini.

Dawa ileile kwa majina mengi

Hili ndilo linaloniogopesha zaidi, na sisi wa ng'ambo tunachangia. Binamu anatoka Dallas na chupa ya Tylenol. Nyumbani tayari mama anameza PCM ya hospitali. Jirani anamletea Panadol kwa nia njema. Zote tatu ni parasetamoli. Mtu mzima kwa kawaida hapaswi kuvuka gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na mama mwembamba au mwenye shida ya ini hupangiwa chini ya hapo. Kuzidisha huharibu ini, tena siku ya kwanza anaweza asihisi lolote.

Kundi la pili ni diclofenac, ibuprofen (Advil na Brufen ni hiyo hiyo) na naproxen, ambayo Marekani huuzwa kama Aleve. Hizi ni ndugu. Hazimezwi mbili kwa pamoja. Zinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa mzee anayemeza dawa za presha kama enalapril au losartan pamoja na dawa ya kukojoza. Na kama mama amewekewa vyuma ili mifupa ya mgongo iungane, baadhi ya madaktari hawazitaki kabisa majuma ya mwanzo kwa kuhofia mfupa kuchelewa kushika. Kwa hiyo muulizeni daktari kwa jina: "Diclofenac, ndiyo au hapana?" Ile ya kupaka ni hadithi nyingine, ila isipakwe kwenye mshono.

Usimtumie pia Tylenol PM ili alale. Ile ya ziada ndani yake ni diphenhydramine, ambayo humchanganya mzee akili na kumwangusha usiku akienda choo. Na zile "dawa za asili za viungo" zinazosifiwa sana, uwe na shaka nazo hasa zikifanya kazi haraka mno. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu Artri King kidonge cha viungo, baada ya kukuta ndani yake diclofenac na deksamethasoni (aina ya steroidi) zisizoandikwa kwenye chupa. Mama angekuwa anameza diclofenac mara mbili bila kujua.

Zile kali

Tramadol, kodeini na mofini zina mahali pake, na sikubaliani na wanaomnyima mgonjwa wakisema "atazoea". Asiyepata nafuu hatembei, na asiyetembea baada ya upasuaji yuko kwenye hatari ya damu kuganda miguuni. Lengo si maumivu yafike sifuri. Lengo ni aweze kuinuka, kuoga na kuzunguka boma. Kidonge kikimezwa kama nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi, mazoezi hufanyika.

Lakini kali ni kali. Zisichanganywe na busaa, chang'aa wala dawa za usingizi. Pregabalin au gabapentin, ambazo hutolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu yanayoshuka mguuni, huongeza usingizi huo, kwa hiyo zikiandikwa pamoja na tramadol dozi zifuatwe bila kubahatisha. Mwenye historia ya kifafa, au anayemeza dawa za msongo wa mawazo, lazima daktari ajue kabla ya tramadol. Akilala fofofo asiamke mkimtikisa, au pumzi ikawa ya kuvutavuta na ya mbali mbali, hiyo ni gari la hospitali sasa hivi, si kahawa.

Halafu choo, jambo ambalo mama hatakuambia wewe mwanawe kwenye simu. Dawa hizi hukausha choo, na tofauti na kichefuchefu, hili haliishi kwa kuzoea. Kujikamua nako kunauma mgongo uleule. Daktari aandike dawa ya choo kama laktulosi, senna au bisacodyl tangu siku ya kwanza, na maji na papai viwepo. Ukitaka kutuma pesa ya maana, nunua kiti cha choo cha mgonjwa. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo na mshono mbichi ni adhabu, na fundi wa kijijini atakitengeneza kwa mbao siku moja.

Barabara, nayo, kwa kifupi: kutoka Kisumu kupitia Mamboleo, Kiboswa hadi Chavakali matuta hayahesabiki. Ameze kabla ya kuondoka, gari liwe na kiti kinacholala, msimame njiani atembee kidogo. Bodaboda isitajwe. Gari litakalomrudisha hospitali usiku likihitajika lipangwe mapema, pamoja na namba ya dereva.

Kuna mambo ambayo kuongeza dawa si jibu lake. Ganzi sehemu za siri au za makalio anakokalia, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, mguu kulegea ghafla: hayo hayasubiri kesho, mishipa ya mgongo inaweza kuwa imebanwa. Homa, usaha au maji yanayotoka kwenye mshono, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, vilevile arudi hospitali. Kijana wa duka la dawa sokoni asiombwe sindano ya kutuliza kwanza.

Kupunguza hufuata mpangilio: kwa kawaida kali hutoka kwanza, parasetamoli hubaki mwisho. Aliyemeza tramadol au pregabalin kwa majuma hakati siku moja. Daktari hupanga ngazi za kushuka. Wakati huo, dawa za nyongeza zinunuliwe duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Dawa za Sumu ukutani, na ikiwezekana duka moja tu, ili mfamasia aone yote anayomeza.

Wewe ukija nyumbani na tramadol yako mwenyewe, chukua barua ya daktari, na dawa uiache ndani ya pakiti yake halisi. Ukipitia Dubai au Abu Dhabi, fahamu kwamba Falme za Kiarabu huitaka idhini kabla ya kufika, kwa hiyo shughulikia hilo kabla ya kukata tiketi. Na tramadol ya mama itakayobaki isipewe mjomba mwenye goti bovu wala isikae kwenye kabati lisilo na kufuli. Irudishwe kwa mfamasia wa hospitali siku ya kliniki, na daftari lipelekwe siku hiyo hiyo.