Kupe ghorofa ya tatu: namna ya kuwasaka kwa mbwa anayekaa ndani

Mwezi wa Juni mama mmoja wa Kiponda, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, alinipigia simu. "Dokta, njoo unitazamie ukuta wangu. Kuna vijidudu vinapanda, na huyu mbwa anajikuna usiku kucha." Nikamuuliza mbwa anatembea wapi. Akanambia hatembei popote: analala juu ghorofa ya tatu, anashushwa kichochoroni mara mbili kwa siku, basi. Majani hayajui, ng'ombe hajawahi kumwona.

Nilipofika alinionyesha pembe moja ya chumba, pale boriti inapoingia ukutani. Kulikuwa na kupe watatu wamekaa kimya kwenye ufa wa chokaa. Mmoja amevimba, rangi ya kijivu, kama mbaazi iliyolowekwa tangu jana. Chini, karibu na mkeka wa mbwa, mama alikuwa amekusanya wengine wanne kwenye kisahani akidhani ni mbegu za mbarika zilizodondoshwa na kunguru dirishani.

Wengi wetu tumekua tukijua kupe ni mdudu wa majanini na wa zizini. Kwa kupe wa ng'ombe ni kweli. Lakini huyu wa kahawia wa mbwa, anayeitwa kitaalamu Rhipicephalus sanguineus, anaishi ndani ya nyumba na anazaa humo humo, mwaka mzima, bila kuona jani. Kwa hiyo ukimkuta kwa mbwa asiyetoka, usipoteze siku kutafuta kichaka alichopita. Tafuta nyumbani mwako. Ninavyofanya mimi ni hivi.

Hatua ya 1: Mkague mbwa kwa vidole

Macho peke yake hayatoshi, hasa kwa mbwa mwenye manyoya mengi. Mlaze penye mwanga wa dirisha, akiwa mkavu, na uvae glavu. Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, mkono mkavu kwa mbwa mkavu hauhamishi najisi, ndiyo maana nakagua kabla ya kumkosha. Ukilowa, unajua la kufanya: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nalisema hili wazi kwa sababu nimekuta mbwa wa ulinzi ambao hawajaguswa miezi, si kwa ukatili, ni kwa kuogopa najisi tu, na mnyama anakwisha damu pale uwani.

Anza masikioni. Pindua sikio, tazama mikunjo yote ya ndani, kisha ingia kati ya vidole vya miguu, kimoja kimoja, juu na chini. Sehemu hizi mbili ndizo ninazokuta kupe wengi zaidi, na ndizo watu wanazoziruka. Halafu kope, pembeni mwa midomo, chini ya mkanda wa shingo (uvue kabisa), makwapani, mapajani, chini ya mkia. Vidole vipite kinyume cha manyoya, polepole, vikitafuta kijiwe kidogo kwenye ngozi.

Ukikigusa, usikivute kwanza. Fungua manyoya utazame kama kina miguu. Nimeitwa zaidi ya mara moja kwa mbwa dume aliyevuja damu tumboni kwa sababu mtu alikuwa anang'oa chuchu. Mbwa dume naye ana chuchu, zimepangika safu mbili tumboni. Kupe hana mpango.

Ujue pia kwamba hawalingani ukubwa. Kupe mzima mwenye njaa ni kama punje ya ufuta, bapa, mwekundu wa hudhurungi. Jike akishiba anafika ukubwa wa mbaazi na zaidi. Mtoto aliyetoka kwenye yai ana miguu sita tu na ni kama chembe ya pilipili manga iliyosagwa. Huyo ndiye anayepita bila kuonekana.

Mjini wako wanaowaita wote hawa papasi. Papasi wa kweli ni mwengine: hana ngao ngumu mgongoni, anauma kwa muda mfupi usiku kisha anarudi ufani mwake, na ndiye mwenye homa ya papasi. Wetu huyu ana ngao, na akishika anabaki siku kadhaa mpaka ashibe.

Hatua ya 2: Watoe

Kibano chenye ncha nyembamba kinatosha. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, kwenye kichwa, si kwenye tumbo, uvute moja kwa moja kwa nguvu ya taratibu bila kumkatisha. Mtumbukize kwenye kichupa chenye spiriti. Usimpasue kwa kucha. Usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta ya taa wala ya nazi. Anapochokozwa akiwa ameshika, anaweza kutema aliyonayo tumboni ndani ya jeraha, na tunachotaka ni kinyume cha hicho.

Kichupa kihifadhi. Mbwa akiugua, kitamsaidia daktari.

Hatua ya 3: Inua macho, kagua nyumba

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo nilipokosea miaka yangu ya mwanzo. Nilikuwa natibu mbwa, natibu tena, natibu mara ya tatu, na mwenye nyumba anaanza kuamini dawa zote ni bandia. Dawa ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekuwa sitazami ukuta.

Kupe huyu humpanda mbwa mara tatu katika maisha yake. Mtoto hupanda, hunyonya, hudondoka, hujibadili sakafuni au ufani. Hupanda tena akiwa kijana, hunyonya, hudondoka. Hupanda mara ya mwisho akiwa mtu mzima. Jike akishashiba hudondoka, na badala ya kukaa chini hupanda juu, ukutani, kwenye pazia, kwenye fremu ya mlango, mpaka apate ufa wa kutagia. Mayai ya jike mmoja yanaweza kufika 4,000. Kwenye joto letu mzunguko wote unaweza kwisha kwa miezi miwili hivi, na kupe mzima asiyepata mbwa anaweza kungoja zaidi ya mwaka.

Sasa zifikirie nyumba zetu za Mji Mkongwe: mawe ya matumbawe, chokaa iliyobanduka, boriti, zidaka, milango ya mbao yenye nakshi. Ni nyufa juu ya nyufa. Washa tochi, anzia mahali mbwa anapolala, kisha upande: kona, nyuma ya picha, mapindo ya pazia, ndani ya zidaka, pale boriti zinapoingia ukutani. Usisahau chini ya ngazi na matandiko ya viti.

Wameingiaje? Kwa mama wa Kiponda jibu lilipatikana tulipokaa tukahesabu miezi. Machi familia ilikwenda Dar kwenye harusi, mbwa akawekwa siku kumi kwa mtu mwenye mbwa wengine. Akarudi safi, kwa macho. Jike mmoja sikioni anatosha. Kwengine huwa ni mbwa mgeni, au wale wa wasasi wa nguruwe waliopumzishwa barazani usiku mmoja.

Hatua ya 4: Dawa ya mbwa

Mpime uzito kwanza. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, toa tofauti. Dawa zote hufuata uzito.

Ziko za kudondoshea mgongoni, za mkanda wa shingo, na vidonge vya kutafuna vinavyofanya kazi mwezi mmoja au hata mitatu. Mimi kwa nyumba iliyoshambuliwa napendelea kidonge, kwa sababu hakitoki kwa maji wala hakibaki mikononi mwa watoto. Lakini mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe bila daktari kumwona. Ukichagua ya kudondoshea, usimkoshe kwa sabuni siku mbili kabla na siku mbili baada. Dawa ya josho la ng'ombe iliyokisiwa kwa kifuniko cha chupa, naomba uiache kabisa.

Na kama kuna paka, hapa simama usome mara mbili. Dawa nyingi za mbwa zina permethrin, na permethrin inamuua paka. Amitraz, dawa nyingine ya kupe, nayo si ya paka. Mji wetu umejaa paka, wanalala popote, hata ubavuni mwa mbwa. Nimewahi kuletewa paka jike anatetemeka mwili mzima, povu mdomoni, kwa sababu alipakwa matone yaliyobaki ya dawa ya mbwa ili yasitupwe bure. Tulimkosha, tukamfunika, tukakaa naye mpaka alfajiri. Hakupona. Alikuwa na watoto wanne, macho hayajafunguka.

Hatua ya 5: Dawa ya nyumba

Matandiko ya mbwa yachemshe, kila wiki. Fagia kila siku, taka zichome au zifunge kwenye mfuko mbali na nyumba. Mswaki mgumu na maji ya moto kwenye pembe na fremu. Kisha nyunyiza dawa ya nyumba yenye deltamethrin nyufani tu, kwa kipimo cha lebo, watu, mbwa na paka wote wakiwa nje mpaka pakauke, na chombo cha samaki kifunikwe. Rudia kila baada ya wiki mbili hivi, kwa maana mayai hayafi kwa mara moja.

Nyufa zizibe kwa chokaa. Najua saruji ni rahisi kupatikana, lakini kwenye ukuta wa mawe na chokaa saruji hufungia unyevu ndani, baada ya muda hubanduka, na nyuma yake unapata ufa mpya, mpana kuliko wa kwanza.

Hatua ya 6: Muangalie mbwa, na uhesabu

Kupe huyu hubeba Ehrlichia na Babesia, vijidudu vya maradhi ya damu. Dalili huweza kuchukua wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa: homa, kukataa chakula, fizi kupauka badala ya kuwa waridi, damu puani, mkojo wa rangi ya chai. Inua mdomo wa mbwa wako leo akiwa mzima uijue rangi ya fizi zake. Ukiona moja ya hizo, mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe damu siku hiyo hiyo. Ehrlichia hutibika kwa doksisaiklini, kwa kawaida wiki nne kamili, na wengi huiacha wiki ya pili mbwa akianza kula.

Watu huumwa na kupe huyu mara chache, lakini wakagueni watoto wanaolala karibu na mbwa.

Kuhesabu, tandika shuka jeupe anapolala. Kila asubuhi likung'ute juu ya sinia, hesabu, andika. Mama wa Kiponda aliandika kwenye kalenda ya ukutani: wiki ya kwanza 31, ya pili 19, ya tano wakapanda tena 24 akanipigia kwa huzuni, nikamwambia hao ni waliotoka kwenye mayai, asiache. Septemba alinionyesha wiki tatu mfululizo zenye sifuri. Nilimwongezea mbwa kidonge kingine cha miezi mitatu, na fundi wa chokaa alikuwa bado juu ya ngazi, anaziba ile pembe ya boriti.