Bustani ya maua kwenye nyumba ya chokaa: anza na ukuta

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Kuta za namna hiyo hunyonya maji na kuyatoa polepole. Ndiyo maana anayenita nimpandie asumini uani, kwanza namwomba tuzunguke nyumba tutazame kuta.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya masika. Februari ni wakati mzuri, kaskazi ingali inavuma na kuta ni kavu. Tafuta lipu iliyovimba, unga mweupe wa chumvi, na miche ya mitini iliyoletwa na ndege kwenye nyufa. Miche midogo ing'oe na mizizi yake. Mkubwa usiuvute, utatoka na mawe. Ukate, uendelee kukata kila unapochipua hadi ufe, kisha fundi wa chokaa azibe ufa. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, hivyo kabla ya kugusa ukuta wenyewe omba kibali cha mamlaka ya hifadhi.

Hatua ya 2: Acha ukanda mkavu. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Nusu mita kutoka ukutani usipande kitu wala usirundike udongo. Jaza kokoto, na ardhi iinamie upande wa bustani ili maji ya mvua yaikimbie nyumba.

Tafadhali usimwage saruji hapo, wala usiipake chini ya ukuta. Wengi huiweka wakiamini inakinga. Unyevu wa ardhini ukizibiwa njia ya kutokea hupanda ndani ya ukuta, na unapokaukia juu huacha chumvi inayoibomoa lipu. Inaniuma kuona ukuta uliostahimili vizazi ukioza kwa sababu ya mfuko mmoja wa saruji uliowekwa kwa nia njema.

Hatua ya 3: Tayarisha mashimo. Chimba sentimita 50 kwenda chini na upana huohuo, changanya udongo na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi inayozuia mimea kufyonza madini ya chuma. Gadenia, kwa mfano, majani yake hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ipande kwenye chungu chenye udongo ulioletwa kutoka shamba.

Hatua ya 4: Panda mvua zikianza. Asumini huota kwa vipandikizi: kata tawi lililokomaa kiasi, urefu wa sentimita 15, zika nusu yake kivulini na udongo usikauke. Likishashika, lihamishie penye jua. Mkilua ni wa misitu ya pwani, unapenda kivuli, basi upe ile pembe ambayo maua mengine yanaikataa. Mlangilangi ukiachwa hurefuka kuliko nyumba: upande mita 5 au zaidi kutoka ukutani, na ukate kilele ungali mfupi ili maua yafikiwe kwa mkono. Mkadi una majani ya miiba, uweke mwisho wa bustani, mbali na wanapocheza watoto. Mrehani unatosha kwenye vyungu karibu na jiko.

Bogenvilia usiiegemeze kwenye ukuta wa kale. Ijengee kichanja cha fito kinachojitegemea.

Hatua ya 5: Mwagilia shinani. Asubuhi ndiyo bora. Mpira wa maji usielekezwe ukutani, na vyungu viinuliwe juu ya mawe. Kama kisima chako kina chumvi, kinga maji ya mvua kwa ajili ya mawaridi, maana hayo huonyesha madhara mapema: ncha za majani huungua.

Hatua ya 6: Chuma na upogoe. Asumini huchumwa alasiri, vitumba vikiwa vyeupe na vimejaa lakini havijafunguka. Vifunike kwa kitambaa chenye unyevu hadi wakati wa kutunga kikuba, yaani kishada kidogo cha maua na majani yanayonukia ambacho wanawake hujipamba nacho. Maua hutoka kwenye matawi machanga, kwa hiyo kila msimu wa maua ukipungua punguza kichaka kwa theluthi moja. Tumia mkasi mkali, ukate juu kidogo ya pingili, halafu weka samadi na maji siku hiyohiyo.