Pikipiki inalia cheni ya taimingi? Usikimbilie kufumua hedi, anza na tenshena

Wadau habari za saa hizi. Msimu wa korosho ukianza tu huku kwetu, pikipiki zinaanza kushuka kutoka Newala na Tandahimba kuja hapa Masasi zinalia kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo, na karibu kila mwenye nayo ameshaambiwa njiani kwamba pistoni imekwisha. Mwaka jana alikuja jamaa mmoja na pikipiki ya cc 125, ameshanunua pistoni na ringi kabisa zipo kwenye mfuko wa rambo, nikamwambia kaka hebu weka huo mfuko pembeni kwanza tusikilize. Ile pistoni mpya hakuitumia. Ilikuwa ni tenshena tu, kile kidude kilichofungwa kwa bolti mbili nyuma ya silinda kinachosukuma cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini inayozungusha kamu, isilegee.

Kabla ya yote jua injini yako ni ya aina gani. Hizi za Kichina zenye injini ya CG hazina cheni ya taimingi kabisa, kamu, yaani shafti inayofungua valvu, iko chini inazungushwa na gia alafu kuna fito mbili zinapanda kusukuma valvu. Sasa mtu ana CG anakuja anadai abadilishiwe cheni ya taimingi, na yupo fundi atakayempigia hesabu ya hiyo cheni, we acha tu. Na pampu za kupulizia salfa kwenye mikorosho nyingi ni tu-stroku, hizo hata valvu hazina, usije ukazifungua unatafuta kamu.

Haya, kama yako kamu iko juu kwenye hedi, basi sikiliza. Washa, iache sailensa bila kuipa mafuta, chukua bisibisi ndefu, ncha iguse injini na mpini uweke sikioni. Kelele ikiwa kali juu kwenye vifuniko vya valvu, tik tik tik ya kupangilia, hiyo mara nyingi ni tapeti zimeachia, yaani mwanya kwenye valvu umekuwa mkubwa. Ikiwa kali ubavuni mwa silinda upande cheni inakopita, inakwaruza chwa chwa chwa na inazidi ukiachia mafuta ghafla, hapo ni cheni au tenshena. Ikiwa inagonga chini kwa uzito ukiipa mzigo, hiyo nyingine, ni konrodi, mkono unaoshika pistoni, na hiyo kweli ni ya kufumua.

Alafu kabla hujashika spana angalia oili. Mwanangu oili ikipungua cheni inakauka, raba zinazoiongoza zinalika, na tenshena inachoka mapema. Ukimwaga oili ukakuta vipande vyeusi vya raba au plastiki, ujue raba za kuongozea cheni zimeshaanza kwenda.

Sasa pikipiki ikizima ghafla njiani na kiki imekuwa nyepesi kama hakuna kitu ndani, tafadhali usiistue. Najua kule kwenye mteremko wa Newala raha yake ni kuiachia ishuke alafu unatupia gia, lakini kama cheni imekatika au imeruka meno utakuwa unapeleka pistoni ikagonge valvu, valvu zikipinda hasara imekuwa kubwa. Fungua kifuniko kimoja cha tapeti, sukuma kiki polepole kwa mkono, chungulia ile roka, kimkono kinachosukuma valvu. Kiki inazunguka na roka imetulia tuli? Cheni imekatika, au sprokheti ya juu imefunguka. Iburuze nyumbani.

Kama inawaka ila kwa shida, haina nguvu, inarudisha kiki au inakohoa kwenye kabureta, pima taimingi. Toa plagi ili izunguke kirahisi. Kava ya magneti upande wa kushoto ina vifuniko viwili, kikubwa cha katikati unapitishia spana ya boksi kugeuzia, kidogo cha juu unachungulia alama. Geuza upande ule injini inakozunguka yenyewe, kwa nyingi ni kinyume cha saa ukiwa umeitazama hapo, mpaka alama ya T ikae sawa na kimkato cha kwenye kava. Ni T, sio F, F ni ya moto wa plagi, na wengi wanachemka hapo. Fungua vifuniko vya tapeti, shika roka zote mbili, ziwe na uchezaji kidogo. Zikiwa zimekaza zungusha raundi moja nzima urudi kwenye T, maana kranki, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, inazunguka mara mbili kamu inazunguka mara moja tu. Hapo alama za sprokheti ya juu zikae sawa na ukingo wa hedi, au kidoti kielekee alama yake, inategemea injini. Jino moja usilidharau, sprokheti yenye meno 34 ukikosea jino moja kamu imehama karibu digrii 10.6, kwa kranki ni kama digrii 21 hivi. Itawaka, ila mlima haupandi.

Na sasa hii tenshena yenyewe, ndipo watu wanapoumizana. Ina fito yenye meno inayotoka mbele na hairudi yenyewe. Ukilegeza zile bolti mbili hata kidogo alafu ukazikaza tena, fito imeshajisogeza, na unapokaza unaisukuma kwenye cheni kwa nguvu zote za spana. Cheni inakaza kupita kiasi, raba zinalika au tenshena yenyewe inavunjika. Kwa hiyo ukiigusa, itoe yote. Ile yenye bolti ndogo katikati, toa bolti, ingiza bisibisi nyembamba bapa, zungusha kama saa, fito inarudi ndani. Ishikilie hivyo hivyo huku mwenzako anakaza bolti mbili, ukiachia utasikia imeruka, imekaa. Nyingine ina kikucha unakibonyeza kwa kidole na springi inaingia kwa nyuma mwishoni. Ukiirudisha ndani ikatoka kwa kusuasua, au ukisukuma fito kwa kidole gumba ikarudi bila kukataa, hiyo imekufa, tupa.

Ikiwa tenshena ni nzima ila fito imeshatoka karibu yote, cheni ndiyo imelegea. Badilisha cheni, sprokheti na raba kwa pamoja, cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka haidumu. Ya chini kwa nyingi iko nyuma ya magneti, tafuta pula ya kuvutia magneti, usigonge na nyundo. Na ukitoa sprokheti ya juu funga cheni kwa waya, ikidondoka ndani utavua kama samaki.

Ukimaliza, zungusha kwa spana raundi mbili kamili kabla ya kupiga kiki. Ikigota popote simama, usilazimishe. Alama zikirudi sawa, pima tapeti injini ikiwa baridi, nyingi za cc 100 hadi 150 ziko kati ya 0.05 na 0.10 mm ila fuata kitabu chake, rudisha plagi, piga kiki. Ikikohoa kwenye kabureta zima hapo hapo, fungua kile kifuniko kidogo, rudi kwenye T.