Kufufua boti kuukuu ya faiba: kaza tezi, kisha fuata njia ya petroli

Boti ya faiba iliyolala ufukweni mwaka na zaidi, ikiwa na mashine ya Yamaha Enduro ya farasi 40, mara nyingi huwa na maradhi mawili: ubao wa tezi (sehemu ya nyuma ya boti inapofungwa mashine) umeoza, na petroli haifiki kwenye kabureta inavyotakiwa. Anza na ubao. Ukiachia, mashine uliyoitengeneza inakwenda chini.

Gonga tezi kwa nyundo ndogo. Palipo pazima hutoa mlio mkali. Palipooza mlio hufifia. Ukiwa na shaka, toboa tundu la milimita 4 upande wa ndani, karibu na bolti za mashine. Unga mkavu ni salama. Unga mweusi unaolowesha vidole maana yake maji yameshapenya, na hapo kupaka faiba juu juu ni kuficha ugonjwa. Kata ngozi ya faiba ya ndani, toa mbao zote zilizooza, acha pakauke kabisa, kisha gundisha kwa epoksi tabaka mbili za plaiwudi ya majini za milimita 18. Faiba ya kufunika nayo iloweshe kwa epoksi, kwa sababu resini ya poliesta haishiki vizuri juu yake. Matundu ya bolti yapake epoksi kwa ndani. Ndipo maji yalipoingilia mara ya kwanza.

Sasa mafuta. Mwaga yote yaliyomo tangini, hata kama roho inauma. Petroli iliyokaa miezi hunuka kama vanishi, na utomvu wake ndio unaoziba jeti, yaani vitundu vya petroli ndani ya kabureta. Kuichanganya na mpya ni kuisambaza tu. Kinga kidogo kwenye chupa inayoonyesha, iache itulie: maji ni mazito, yatajitenga chini. Safisha tangi pamoja na kichujio cha bomba la kufyonzea. Hosi iliyokakamaa, yenye nyufa au inayoacha weusi mkononi, itupe. Mshale wa mpira wa kubinya, ule ulio kwenye hosi wa kusukumia petroli kwa mkono, lazima uelekee kwenye mashine.

Washa mashine ikiwa majini, au kwenye pipa ambalo maji yamepita bamba la juu ya propela. Ikikauka, impela (pangaboi la mpira) ya pampu ya maji huungua upesi. Hakikisha inakojoa, yaani inarusha maji ya kupooza nje.

Malalamiko ya kawaida ni haya: boti inakimbia vizuri dakika chache, kisha nguvu inashuka. Usikimbilie kabureta. Mwambie mwenzako abinye mpira wakati nguvu inaposhuka. Mashine ikirudi palepale, kabureta haina kosa. Petroli ndiyo haifiki yenyewe. Utazame sasa huo mpira. Ukiwa bapa, umefyonzwa, kuna kizuizi nyuma yake: tundu la hewa la mfuniko wa tangi limefungwa (tazama hilo kwanza, ni la bure), kichujio kimeziba, au hosi imejikunja. Ukiwa laini, unabinywa bila kujaa, kuna mahali panavuta hewa: kiringi cha konekta (kiungo cha hosi), klipu iliyolegea au ufa wa hosi. Ili kuthibitisha, unga sentimita 30 za hosi inayoonyesha kati ya mpira na mashine, mapovu yatakuambia. Ukishapima, iondoe, haifai kwa kazi ya kila siku.

Kama mpira si bapa na mapovu hayapo, fungua pampu ya mafuta. Diaframu yake, yaani utando mwembamba wa ndani, husukumwa na shinikizo la chumba cha krenki, kwa hiyo hata kitundu cha sindano kinaidhoofisha, na huweza kupitisha petroli ndani hadi plagi moja ilowe kuliko nyingine. Imulike kwenye jua. Ukibadilisha diaframu, badilisha na gasketi.

Kubinya kusipoleta tofauti, hapo ndipo kabureta, au moto wa plagi, wanapoingia kwenye hesabu. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, ukinge: ukiona maji, rudi tangini. Mashine inayozima ikiunguruma polepole lakini inakimbia vizuri, jeti yake ndogo imeziba. Kinyume chake ni jeti kubwa. Usichokoe kwa waya, utapanua tundu. Mshipi mwembamba wa nailoni na upepo wa kompresa vinatosha. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli, kabla ya kuitoa, ikaze taratibu hadi mwisho huku ukihesabu mizunguko, ili uirudishe ilipokuwa. Petroli ikivuja kwenye kabureta na mpira haukazi kamwe, tazama sindano ya boya, inayofunga petroli bakuli likijaa.

Usiendelee na safari kwa kubinya mpira njia nzima. Kwenye mashine hii oili huja ndani ya petroli. Mafuta yakipungua, oili nayo imepungua na joto limepanda, na pistoni hukwama. Binya ufike ufukweni polepole, basi.

Mchanganyiko wa kawaida ni 50 kwa 1: lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili ya TC-W3 (daraja la oili ya mashine za boti za viharusi viwili), tangi la lita 24 linachukua mililita 480. Pistoni au ringi zikiwa mpya, tumia 25 kwa 1 kwa saa 10 za mwanzo. Oili ya pikipiki huacha majivu kwenye plagi. Petroli unayoshuku imechakachuliwa kwa mafuta ya taa, idondoshe kwenye karatasi nyeupe kabla ya kuweka oili: safi hukauka bila alama.

Boti ikikaa zaidi ya wiki mbili, chomoa konekta, acha mashine izime yenyewe, kisha mwaga bakuli la kabureta.