Kabla ya kushusha nyuzi za kiyoyozi, kagua chujio

Kiyoyozi kinanguruma mchana kutwa na chumba bado kina joto? Usikimbilie rimoti. Kizime, fungua kifuniko cha mbele, chomoa chujio uliangalie kwenye mwanga. Langu nililikuta limevaa blanketi la vumbi, hewa haipiti kabisa! Lioshe kwa maji, likauke vizuri kivulini, ndipo ulirudishe. Halafu weka nyuzi joto 25 au 26 na uwashe feni. Upepo ukipita kwenye ngozi utahisi baridi zaidi, na feni hula umeme kidogo mno ukilinganisha na kiyoyozi. Ila ukitoka chumbani izime, maana feni humpoza mtu, haipozi chumba. Na pazia la dirisha linalopigwa na jua lifunge mapema, kabla kioo hakijapata moto.