SOMO: Kuacha upepo uzungushe turbini wenyewe ndani ya Fluent (programu ya kompyuta ya kuiga mwendo wa hewa)

Wakuu, ujumbe unaonifikia ni uleule: "nimeweka upepo, turbini imegoma" au "inazidi kushika kasi, haitulii". Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo.

Mfano wangu ni Savonius, ile ya pipa lililopasuliwa katikati, ya kupachika juu ya paa huku Mikindani. Kipenyo mita 1, kimo mita 1.5. Tunafanya mkato wa pande mbili (2D) ili hata kompyuta ndogo iweze.

Masomo mengi ya mtandaoni yanakutaka uiamuru turbini izunguke kwa kasi fulani. Yanafaa kwa kazi yake, lakini hayakuambii kama itaanza yenyewe kusi likivuma. Hapa kasi hatuiandiki. Programu inachukua torki (nguvu ya kuzungusha) ya upepo, inapunguza torki ya mzigo (kile kinachoendeshwa na turbini), inagawa kwa inesha ya rota (ugumu wa sehemu inayozunguka kubadili kasi), inapata kasi inavyobadilika, na kasi inatokea hapo.

1. Chora duara lenye mabawa ndani ya mstatili. Acha vipenyo 5 mbele na kila ubavu, 10 au zaidi nyuma.

2. Meshi (wavu wa vijisehemu, yaani seli, ambamo hewa inahesabiwa): seli za pande zote mbili za mpaka wa duara zilingane ukubwa. Weka tabaka nyembamba kwenye mabawa.

3. Chagua hesabu inayokwenda na muda, modeli ya k-omega SST (ya msukosuko wa hewa), upepo wa 5 m/s. Densiti ya hewa weka 1.17. Ile 1.225 unayoikuta ni ya nyuzi 15, na Mtwara mchana tuna karibu 30.

4. Unganisha mpaka wa duara na mpaka wa mstatili. Usipounganisha, upepo hauingii kabisa.

5. Mwendo wa meshi. Hapa ndipo wengi wanapopotea, someni polepole. Washa "Six DOF", sehemu ya Fluent inayohesabu mwendo wa kitu kutokana na nguvu zinazokipata. Kuta za mabawa ziwe hai, maana ndizo zinazopokea nguvu ya upepo. Duara la hewa nalo liwekwe kwenye "Six DOF", lakini kwa alama ya "Passive": linazunguka pamoja na mabawa bila kuhesabiwa nguvu. Ukilisahau, mabawa yatakwenda peke yake, yatagonga seli, na utaletewa kosa la ujazo hasi. Kitovu cha mzunguko kiwe katikati ya shafti hasa. Fungia mwendo wa X na Y.

Kisha inesha, na hili nalikazia: kwenye 2D Fluent inahesabu kina cha mita 1. Rota yangu nzima ina inesha ya 1.2 kg·m² na kimo cha mita 1.5, kwa hiyo SDOF_IZZ (mstari wa inesha kwenye UDF, kodi fupi unayoiambatanisha na Fluent) ni 0.8. Torki ya mzigo nayo igawe vivyo hivyo. Ukiandika 1.2 hakuna onyo litakalotokea. Picha itavutia, na muda wa kuanza utakuwa wa uongo.

6. Mzigo. Turbini isiyo na mzigo hupanda kasi mpaka torki ya upepo yenyewe iishe, na hapo haikupi hata wati moja. Mimi naweka, kwenye UDF hiyohiyo, mzigo unaokua pamoja na kasi:

prop[SDOF_LOAD_M_Z] = -0.19*DT_OMEGA_CG(dt)[2];

Hiyo 0.19 sikuiokota. Eneo la 1.5 m² kwa upepo wa 5 m/s lina kama wati 110. Savonius huchukua 15 hadi 20 kwa mia, tuseme wati 18. Kwa radiani 8 kwa sekunde, torki ni kama 2.25 N·m. Gawa kwa kasi unapata 0.28, gawa kwa 1.5 unapata 0.19.

7. Hatua ya muda: nyuzi 1 ya mzunguko au chini. Hapa 0.002 s. Ishikilie rota kwanza hewa itulie, ndipo uiachie.

Jibu la 2D litazidi kidogo uhalisia, kwa sababu hewa inayovujia juu na chini ya rota haimo.

MASWALI

Kijana_Lindi: Mkuu yangu haizunguki.
Jibu: Inesha umeandika ngapi?
Kijana_Lindi: Sijaandika, nimeacha ilivyokuwa.
Jibu: Hatua ya 5. Yote.

Nachingwea77: Bro tuma faili lako tu, tumalize.
Jibu: Situmi. Namba zimo humo juu, na njia ya kuzipata imo. Rota yako ina vipimo vyake.

Dada_Newala: Shikamoo fundi. Nimefuata yote, ila yangu ni Darrieus (ile ya mabawa membamba kama ya ndege yanayozunguka shafti) ya mabawa matatu. Inatikisika huku na huku haishiki mzunguko. Ni meshi?
Jibu: Marahaba dada. Huenda meshi yako haina tatizo lolote. Darrieus ina tabia hiyo hata ikiwa ya chuma: ikiwa polepole, upepo unalipiga bawa kwa pembe kubwa mno, hewa inabanduka mgongoni na nguvu ya kuinua bawa inapotea. Jipime hivi: iachie ikiwa tayari na kasi, ncha ya bawa ikienda mara tatu ya upepo. Ikiendelea yenyewe, modeli yako ni sahihi, kinachokosekana ni cha kuianzisha. Wengi hufunga Savonius ndogo kwenye shafti hiyohiyo.
Dada_Newala: Asante sana. Na kasi ya upepo iliyopimwa mita 10 juu ya ardhi naipandishaje hadi ya mita 20 juu?
Jibu: Zidisha kwa 2 kwa kipeo cha 1/7, yaani 1.10. Inaonekana ndogo, lakini nguvu inakwenda na kasi kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo unapata kama theluthi zaidi. Ila kanuni hiyo ni ya ardhi tambarare. Ukiwa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pima mwenyewe.

Shangani_B: Umeme ukikatika katikati ya hesabu?
Jibu: Weka ijihifadhi kila hatua 200, na ibakize mafaili matatu ya mwisho tu, vinginevyo diski inajaa.

Kilwa_Masoko: Baada ya kimbunga Hidaya Mei 2024 nina wasiwasi na nguzo. Hii inaweza kupima?
Jibu: Swali zuri. Funga rota isizunguke, weka 30 m/s, soma nguvu ya kusukuma kwenye mabawa. Nguvu inakua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo tarajia mara 36 ya ile ya 5 m/s. Rudia kwa pembe kadhaa za rota, chukua iliyo kubwa, zidisha kwa kimo, umpe fundi wa nguzo. Na upepo wa nguzo yenyewe uongezwe, hapa haumo.